Najiundia kompyuta ya mezani ya kuhariri video kwa bajeti ndogo: naomba mnikagulie orodha ya vifaa

Bi Kamera

Habari zenu wakuu.

Nahariri video za sherehe na mahojiano mafupi. Mpaka sasa natumia laptop yenye RAM ya GB 8 na imeshanishinda. Nikipandisha klipu mbili juu ya moja, picha inakatakata, na kutoa video ya nusu saa inabidi niiache mashine usiku kucha. Nimeamua kujiundia kompyuta ya mezani. Kuunganisha siogopi, laptop hii nimeshaifungua na kuibadilishia diski mwenyewe. Ninachoogopa ni kununua vitu visivyoelewana.

Bajeti ni ndogo na mwaka huu haiongezeki. Baada ya kusoma na kuulizia huku na huku nimepata orodha hii: prosesa Ryzen 5 5500, mazabodi ya A520, RAM ya GB 16 kijiti kimoja, kadi ya grafiki RX 6500 XT ya GB 4, SSD ya GB 240 ya kuweka mfumo, na diski ngumu ya TB 1 ya kuweka klipu. Keisi nimeipenda moja ya kioo yenye feni nne za taa, halafu inakuja na pawasaplai yake ya wati 500, kwa hiyo hapo nimeokoa.

Swali langu: kuna kitu hapo hakiendani na mwenzake? Na kama kuna cha kupunguza ili niongeze kwingine, ni kipi? Monita, kibodi na mausi ninavyo.

Fundi Bisibisi

Dada karibu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa hela.

Nianze na hapo ulipoandika umeokoa. Pawasaplai za kuja na keisi ndizo ninazozing'oa mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote mezani kwangu. Namba kubwa ya kwenye boksi usiiamini. Geuza pawasaplai, tafuta jedwali lililobandikwa ubavuni, angalia safu ya +12V imeandikiwa ampea ngapi. Prosesa na kadi ya grafiki vyote vinakula kutoka kwenye hiyo +12V, zile safu za +3.3V na +5V siku hizi zina kazi ndogo. Chukua ampea, zidisha kwa 12. Ukikuta 18A, hizo ni wati 216, hata kama nje wameandika 500. Pawasaplai ya kweli ya wati 450 utaikuta na 36A au 37A hapo, maana yake karibu nguvu yake yote iko mahali inapohitajika.

Ukiifungua ile ya kuja na keisi unaona kabisa ilipopunguzwa. Kwenye sakiti pamechorwa nafasi ya koili ya kuchuja umeme, lakini koili haipo, wameruka kwa kipande cha waya. Hitsinki ni bati jembamba. Kapasita ni ndogo kuliko duara iliyochorwa chini yake. Kitu kama hicho kinaweza kufanya kazi kwa miezi bila shida, na siku kinapokufa kinaweza kuondoka na bodi na diski yenye kazi za watu. Kwa mtu anayehifadhi video za harusi ya mwenzake, hapo si pa kubana kabisa. Nunua pawasaplai peke yake, wati 500 hadi 550, ya kampuni inayojulikana. Alama ya 80 PLUS ni nzuri kuwa nayo ila elewa inapima nini: inapima ufanisi tu. Bronze, kwa mfano, kwenye nusu ya mzigo inatakiwa ifikishe asilimia 85. Haisemi lolote kuhusu kinga ya umeme kuzidi au shoti. Kinga soma kwenye maelezo ya kifaa: OVP (volti kuzidi), OCP (mkondo kuzidi), OPP (nguvu kuzidi) na SCP (shoti) ziwe zimetajwa.

Sasa hicho kisichoendana. RX 6500 XT imeunganishwa na bodi kwa njia 4 tu za PCIe, yaani njia za kupitishia data kati ya kadi na bodi. Kwenye bodi ya PCIe 4.0 njia 4 zinapitisha kama GB 8 kwa sekunde, kadi inapumua. Lakini A520 ni PCIe 3.0, na Ryzen 5 5500 nayo ni PCIe 3.0, kwa hiyo kadi yako itabaki na nusu ya hapo. Na kwa kuwa ina GB 4 tu za kumbukumbu, ikijaa itaanza kuvuta data kutoka RAM ya kompyuta kupitia hiyo hiyo njia nyembamba. Umechagua vifaa vitatu ambavyo kila kimoja peke yake kina wanunuzi wake, ila vikikutana pamoja vinabanana.

Kuna kubwa zaidi kwa kazi yako: kadi hiyo haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili unapoitoa. Ukibonyeza kutoa video, kadi haitakusaidia kusimba H.264 wala H.265, mzigo wote unarudi kwa prosesa. Kwa mtu wa michezo si tatizo sana. Kwako wewe ndiyo sababu ya kununua kadi yenyewe.

Kijiti kimoja cha RAM nacho kibadilishe kiwe viwili vya GB 8. DDR4 (aina ya RAM inayoingia kwenye bodi hiyo) ya 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde kwa chaneli moja, na vijiti viwili kwenye nafasi sahihi vinakupa 51.2. GB ni zile zile 16, tofauti ni kuvinunua viwili.

Kabla sijasema chochote kuhusu prosesa, nijibu jambo moja: unarekodi kwa nini, na faili zinatoka za aina gani? Pakua programu ya bure inaitwa MediaInfo, fungua klipu moja, uandike hapa: kodeki (njia iliyotumika kubana video) ni H.264 au H.265, ni biti 8 au 10, na ni 4:2:0 au 4:2:2, yaani kiasi cha taarifa za rangi. Jibu la hapo ndilo linaloamua orodha nzima.

Nyuzi12

Mkuu Fundi kamaliza kwenye pawasaplai. Mimi ningeongeza kwamba kama unajenga leo, AM4, soketi ya hiyo Ryzen 5 5500, achana nayo. Nenda AM5, weka Ryzen 5 7600: viini 6, nyuzi 12, wati 65, na ina grafiki ndogo za ndani kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi. AMD walishasema soketi ya AM5 wataendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. Baadaye unabadilisha prosesa tu, bodi inabaki.

Fundi Bisibisi

Nyuzi12, hoja ya kudumu naikubali, na mtu mwenye bajeti pana ningemwambia hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba AM5 inakubali DDR5 peke yake, na RAM imepanda bei dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vimegeuzia uzalishaji kwenye seva za akili mnemba. DDR4 nayo imepanda, ila ya DDR4 angalau unaweza kuipata ya mtumba iliyo nzima. Vijiti vya RAM vikipimwa vikawa safi ni kitu cha kununua mtumba bila wasiwasi mwingi. Kwa bajeti ya dada, AM5 inamlazimisha akate RAM au akate pawasaplai, na vyote viwili vitamuumiza leo kwa faida ya miaka ijayo.

Halafu zile grafiki za ndani ya 7600 ni za kuwasha monita na kazi nyepesi. Tusubiri jibu la MediaInfo.

Bi Kamera

Asanteni sana, pawasaplai sikujua kabisa kuna jedwali la kusoma. Nimeirudia ile keisi nikaangalia picha ya ubavuni: +12V 16A. Nimezidisha, 192. Nimeiacha.

MediaInfo inasema hivi. Klipu za kamera kubwa: HEVC, biti 10, 4:2:2, 4K. Klipu za simu: HEVC, biti 8, 4:2:0, na kuna mahali pameandikwa kasi ya fremu ni ya kubadilika. Za kamera ndizo zinazokatakata, za simu zinajitahidi.

Fundi Bisibisi

Hapo umenipa kila kitu. HEVC ndiyo H.265 yenyewe, majina mawili kitu kimoja.

Dada, tatizo lako liko kwenye hiyo 4:2:2. Kamera inahifadhi taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0, ndiyo maana ukirekebisha rangi za ngozi inakuwa laini. Lakini vifaa vingi havina sehemu ya kusimbua, yaani kuifungua video iliyobanwa ili ionekane, H.265 ya biti 10 ya 4:2:2. Grafiki za ndani za Ryzen hazina. Kadi za NVIDIA zimeanza kuwa nayo mwaka 2025 na mfululizo wa RTX 50. Kwa hiyo hata ungenunua kadi kubwa ya mtumba ya vizazi vya nyuma, klipu za kamera yako zingeendelea kusimbuliwa na prosesa peke yake, fremu kwa fremu, na ungekaa unajiuliza kadi ina ubovu gani.

Intel wanayo. Grafiki za ndani za kizazi cha 12, zile za UHD 730, zinasimbua H.265 biti 10 ya 4:2:2 kwa maunzi. Kwa hiyo ushauri wangu ni Core i5-12400: viini 6, nyuzi 12, inakuja na feni yake kwenye boksi, na inakubali DDR4 au DDR5 kutegemea bodi uliyonunua. Kama mfuko unabana zaidi, Core i3-12100 ina viini 4 na nyuzi 8 lakini grafiki zake za ndani ni UHD 730 hizo hizo. Kwenye kuangalia klipu itakufaa vilevile, kwenye kutoa video ndefu zenye rangi na madoido itachelewa. Mimi kwa kazi ya kila siku ningejikaza kwenye i5.

Angalizo moja kwa wengine watakaopita hapa: hili linahusu H.265. Kamera ikiwa inarekodi H.264 ya biti 10 ya 4:2:2, UHD 730 haisaidii, na hesabu inabadilika. Ndiyo maana nililazimisha MediaInfo kwanza.

Kwa hiyo kadi ya grafiki ifute kabisa kwenye orodha ya mwaka huu. Hela yake igawanye. Sehemu ipeleke kwenye bodi. Chukua B660 au B760 ya DDR4 yenye nafasi nne za RAM. H610 ni nafuu, lakini ina nafasi mbili tu za RAM na mara nyingi M.2 (nafasi ya SSD ndogo ya kuchomeka kwenye bodi) moja, na wewe najua utarudi kuongeza. Hakikisha kwenye jina la bodi pameandikwa D4 au DDR4, maana bodi hizi zipo za aina zote mbili na zinafanana majina. Kijiti cha DDR4 hakiingii nafasi ya DDR5, pengo la katikati limekaa mahali tofauti. Ukiona hakishuki usikikandamize. Weka vijiti viwili vya GB 8 sasa, nafasi mbili zibaki wazi. Siku ukiongeza, tafuta vya modeli ile ile, na ukubali kwamba vijiti vinne wakati mwingine vinataka kasi ya chini kidogo.

Sehemu nyingine ipeleke kwenye diski, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu watu wanapoteza hela pande zote mbili. Klipu ya 4K ya megabiti 200 kwa sekunde ni MB 25 tu kwa sekunde. Hata diski ngumu ya kawaida inasoma zaidi ya hapo, kwa hiyo unaweza kusema kasi ipo. Lakini ukiweka klipu tatu juu ya mstari mmoja wa muda na ukawa unaruka mbele na nyuma, kichwa cha diski ngumu kinakimbia huku na huku, na kila mruko unakula karibu milisekunde 10. Picha inaganda kwa hiyo miruko, hata kama MB kwa sekunde zinatosha. SSD haina kichwa cha kukimbiza, tatizo linaisha. Ndiyo maana nasema klipu za kazi inayoendelea zikae kwenye SSD, na ile SSD ya GB 240 haitoshi hata wiki moja ya kazi.

Kwa upande wa pili, usivutwe na SSD zilizoandikwa MB 7000 kwa sekunde. Umeona mahitaji yako ni MB ngapi. NVMe (SSD ya kuingia kwenye M.2 inayopitia PCIe) ya PCIe 3.0 ya TB 1 inayofika MB 3000 na kitu inakutosha na inabaki. Cha kuangalia ni kama ni TLC au QLC, aina za chipu za kuhifadhia. QLC inahifadhi biti 4 kwenye seli moja badala ya 3, inakuwa nafuu, lakini ukiimiminia folda ya GB 200 kutoka kwenye kamera, ile akiba yake ya haraka ikijaa, kasi inaanguka mpaka unaweza kudhani imekufa. Wewe kazi yako ni kumimina folda kubwa kila wikendi. Chukua TLC.

Diski ngumu ibaki kwa ajili ya kazi zilizokwisha. Na kazi ya mteja isikae sehemu moja tu, hilo najua unalijua.

Keisi ya kioo cha mbele iache. Feni nne nyuma ya kioo kilichoziba zinavuta hewa kupitia upenyo wa kidole. Tafuta keisi ya kawaida yenye wavu mbele, inayomeza bodi ya micro-ATX, ya milimita 244 kwa 244, yenye feni moja mbele na moja nyuma. i5-12400 ikikimbia kwa nguvu zote Intel wanaiandikia wati 117, haihitaji zaidi ya hapo.

Mzee wa Soketi

Wanangu, salaam. Kwa nini binti yetu asichukue kompyuta ya ofisini iliyotumika? Zinatolewa kwa mafungu, i5 ya kizazi cha 8 yenye viini 6, RAM ya GB 16, imeshaunganishwa na imeshapoa. Anaongeza SSD anaanza kazi kesho. Kujenga upya ni raha yetu sisi mafundi, ila mwenye kazi anataka kazi.

Fundi Bisibisi

Shikamoo mzee. Kwa mtu wa hesabu, barua na mikutano ya mtandaoni ningemwambia achukue hiyo hiyo leo. Windows 10 imeachwa tangu 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo i5-8500 imo kihalali kabisa.

Kwa huyu dada kuna vizuizi viwili. Cha kwanza, grafiki za kizazi cha 8 ni UHD 630, na hizo hazisimbui H.265 ya 4:2:2. Atarudi pale pale alipo na laptop. Cha pili ni kuongeza vitu baadaye. Nyingi ya hizo za ofisini zina pawasaplai yenye plagi za kampuni yenyewe, si ile ya pini 24 ya kawaida, na keisi ni nyembamba kiasi kwamba kadi ya grafiki lazima iwe ya nusu kimo. Pawasaplai ikifa, anatafuta ya modeli hiyo hiyo tu.

Mzee wa Soketi

Marahaba. Hilo la 4:2:2 sikuliwaza, upo sahihi, kwake haifai. Basi binti, kama unajenga, pokea haya ya mikononi.

Usiingize vitu kwenye keisi kabla hujaviwasha nje. Weka bodi juu ya boksi lake la karatasi. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kuzuia umeme tuli, maana sehemu yake ya nje inaweza kupitisha umeme. Weka prosesa, feni, kijiti kimoja cha RAM, unganisha plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa juu kushoto. Monita ichomeke kwenye bodi. Kisha gusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Ukiona BIOS, ile skrini ya mipangilio ya bodi yenyewe, umeshamaliza nusu ya hofu. Isipowaka, hujafunga skrubu hata moja, unatafuta tatizo ukiwa umekaa.

Soketi ya hiyo Intel ina pini ndani yake, nyembamba sana, na zikipinda bodi imekwenda. Prosesa ishike pembeni, linganisha alama ya pembetatu na ya soketi, iachie ikae yenyewe kwa uzito wake. Usiisukume. Kile kifuniko cha plastiki cha soketi kitaruka chenyewe ukishusha mkono wa chuma. Kihifadhi, kwenye dhamana watakidai.

Feni ya kwenye boksi imeshapakwa pesti chini, usiipanguse na usiongeze nyingine. Kaza pembe kwa mshazari, moja kisha ya upande wa pili.

RAM mbili ziingie nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kwenye bodi nyingi ndizo A2 na B2. Ukiziweka ya kwanza na ya pili zinaweza kuwaka vizuri na ukapoteza ile chaneli ya pili bila kujua.

Mwisho, kabla ya kuchomeka ukutani, angalia nyuma ya pawasaplai. Kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, kilingane na umeme wa ulipo. Nzuri za siku hizi hazina, zinapokea 100 hadi 240 zenyewe.

Nyuzi12

Naongezea cha BIOS. Ukishawasha mara ya kwanza ingia uwashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake iliyoandikwa, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kukaa 2133 au 2666 maisha yake yote na hakuna atakayekwambia. Baada ya kuweka Windows, fungua Task Manager, nenda kwenye Memory, utaona kasi na nafasi zilizotumika. Humo humo kwenye BIOS hakikisha Intel PTT imewashwa, ndiyo TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotakiwa na Windows 11.

Na Fundi nimekuelewa kuhusu AM5. Kwa klipu za 4:2:2 hata mimi ningeenda Intel.

Bi Kamera

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Shikamoo Mzee, asante sana.

Orodha mpya: i5-12400, bodi ya B660 ya DDR4 yenye nafasi nne, RAM GB 8 mbili, NVMe ya TB 1 ya TLC, diski ngumu ile ile ya TB 1, keisi yenye wavu, pawasaplai ya wati 550 yenye +12V ya 45A. Nimepiga hesabu, inaingia kwenye bajeti kwa sababu kadi imetoka.

Nina maswali matatu ya mwisho. Nimepata i5-12400F kwa nafuu zaidi, kuna tofauti? Pili, monita yangu ni ya zamani, ina VGA tu. Tatu, nina nyaya za pawasaplai nyingine ya kuchomoa na kuchomeka, ndugu yangu aliniachia, ndefu na nzuri. Naweza kuzitumia kwenye hii mpya?

Fundi Bisibisi

45A mara 12 ni 540. Hiyo ni pawasaplai ya kweli.

F usichukue. Herufi hiyo maana yake grafiki za ndani zimezimwa, na kwako wewe hizo grafiki ndiyo sababu ya kununua prosesa yenyewe. Kwa mwenye kadi yake F ni akiba nzuri, kwako ni kupoteza kila tulichokipanga hapa. Soma boksi na soma risiti, i5-12400 bila herufi yoyote mwishoni.

Monita, tafuta kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani, kile chenye kiboksi kidogo. Waya mtupu wa HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hautafanya kazi, kwa sababu HDMI ni ya kidijitali na VGA ni ya analogi. Kitakufikisha. Ila kwa mtu anayerekebisha rangi, monita ndiyo iwe kitu cha kwanza kubadilisha hela ikipatikana, kabla ya kadi ya grafiki. Siku ya kadi ikifika, angalia Intel Arc A380 ya GB 6: nayo inasimbua 4:2:2 ya H.265, na inasimba AV1, kodeki mpya zaidi. Kwenye BIOS itakubidi uwashe Resizable BAR (inairuhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), bila hiyo kadi za Arc zinadhoofika sana.

Kingine cha kufanya hata kabla vifaa havijafika: zile klipu za simu zenye fremu za kubadilika, zigeuze kwanza ziwe za kasi moja kwa HandBrake, ni ya bure. Sauti na picha zikianza kuachana katikati ya mahojiano, mara nyingi chanzo ni hicho. Na kwenye programu yako ya kuhariri jifunze kutengeneza nakala nyepesi za 720p za kuhaririwa, halafu wakati wa kutoa inarudi kwenye klipu halisi. Hata laptop hiyo uliyonayo itakupumzisha kidogo.

Nyaya, hapana, dada, na hili nakuomba sana. Upande wa bodi plagi zimesanifiwa sawa, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga pini zake anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana. Plagi inaingia vizuri kabisa, halafu mahali SSD au diski ngumu inapotegemea volti 5 inapokea 12. Inakufa papo hapo, na kilichokuwa ndani yake. Tumia zilizokuja kwenye boksi la pawasaplai mpya tu. Hizo za ndugu yako zifunge pamoja na pawasaplai yake, ziandike jina lake kwa kalamu, zisije zikachanganyika siku nyingine.